Barua ya wazi kwa waajiri wa Dar es Salaam: Krismasi msituamulie

Kwenu waajiri, mameneja, maofisa utumishi, wenye maduka makubwa na wakuu wa shule binafsi wa jiji hili.

Salaam.

Nawaandikia mapema, kabla kamati za sherehe hazijaundwa na kabla rosta ya Desemba haijabandikwa ukutani. Hayo mawili yakishafanyika hakuna tena anayesikiliza, maana kila ombi hujibiwa kwamba bajeti imeshapita au zamu zimeshapangwa. Ninachowaomba ni kitu kimoja: msituamulie namna ya kuishi Krismasi. Anayeila aile kwa raha zake, asiyeila apite zake, na tarehe 27 wote warudi kazini bila mmoja wao kudaiwa maelezo.

Niseme kwanza nimesimama wapi, asije mtu akadhani naipiga vita sikukuu. Mimi ni Mlutheri, mzaliwa wa Machame, na hakuna siku ya mwaka ninayoipenda kuliko Krismasi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na vizazi vya wazee wetu vikaichukua sikukuu hiyo vikaifunga pamoja na mambo ya ukoo, hata leo Desemba kule kwetu ni zaidi ya ibada. Ndio mwezi ambao kihamba, yaani shamba la ukoo, kinajaa watu. Aliyeko Mwanza, aliyeko Mbeya, aliyeko hapa Dar, wote wanarudi kwenye migomba ile ile na makaburi yale yale ya mababu. Mbuzi anachinjwa, kisusio kinapikwa, mtori unaliwa, mbege inazungushwa kwa wazee, na watu wakishashiba ndipo shughuli yenyewe inaanza. Mpaka wa shamba unazungumzwa. Mchumba anatambulishwa. Ada ya mtoto wa marehemu kaka inagawanywa kwa waliopo. Waliogombana wanakalishwa chini, na hawaondoki mpaka wasemeshane. Mtoto aliyezaliwa Tabata anaoneshwa shangazi zake na mahali alipolala babu yake. Mtu wa kwetu akikosa Krismasi mwaka baada ya mwaka, jina lake linaanza kuachwa kwenye mazungumzo.

Ndiyo maana stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hufurika kuanzia katikati ya mwezi, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ikalazimika kutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada ya kaskazini. Ndiyo maana pia treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka 20, iliporejea mwaka 2019 ilirejea mwezi wa Desemba. Haya mnayajua. Wengi wenu mko kwenye msafara huo huo, tena kwa magari yenu.

Lakini hata huko kwetu hisia si moja. Yupo asiye na nauli ya familia nzima, anayezima simu kuanzia tarehe 20 kwa aibu. Yupo dada anayejua kwamba kabla hajavua viatu ataulizwa mume yuko wapi. Yupo aliyemzika mama yake mwezi wa tisa, ambaye kila wimbo wa Noeli unamkumbusha kiti kilicho wazi. Wapo wachungaji wanaoumia kuona kreti za bia zikitangulia ibada. Ikiwa watu wa kabila moja, dhehebu moja na mteremko mmoja wa mlima wanaiona siku hii kwa macho tofauti namna hiyo, itakuwaje kwa watu mia mbili wa kampuni moja waliotoka kila pembe ya nchi?

Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini. Meli haijui sikukuu. Ikitia nanga tarehe 25, kontena inashushwa tarehe 25, na gharama za kuchelewa kuitoa zinaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo sisi tunaujua mwezi wa Desemba kwa ndani, na tunajuana. Ruhusuni niwaeleze juu ya watu ninaokaa nao, bila majina, kwa sababu rosta haiwaoni.

Kuna mwenzangu wa Tanga, Mwislamu, mtu mzima. Amekulia mtaa ambao sinia la pilau lilivuka uchochoro kila sikukuu: Idi likitoka kwao, Krismasi likija kwao, limefunikwa kawa. Kwake Krismasi ni ya jirani, na anaipenda kwa ajili ya jirani. Kuna Mwislamu mwingine, kijana, ambaye kwa imani yake hata kutamka salamu ya Krismasi ni jambo asilolitaka. Kijana huyo huyo atakushikia zamu, atakukopesha nauli, atakupeleka stendi usiku wa manane kwa bodaboda yake. Kofia nyekundu hataivaa, na wimbo hataimba. Nimesikia watu wakimwita mkali. Mimi namwona ni mtu anayejua anachoamini, na sijamwona akimnyima mtu heshima yake.

Kuna Mpare, Msabato wa ukoo wa tangu zamani. Wasabato walianza kazi yao huko Upareni mwaka 1903. Wasabato nao hawafanani, wapo wanaokula Krismasi na watoto wao vizuri tu, lakini huyu haioni popote katika Biblia yake amri ya kuishika tarehe 25, na habari ya kuzaliwa Yesu anaihubiri hata mwezi wa nne. Shida yake ni kwamba jina lake ni la Kikristo. Mwislamu akisema hapana, watu wanaelewa na mambo yanaishia hapo. Yeye akisema hapana anaonekana mchoyo, au anaambiwa anajitenga. Shahidi wa Yehova tuliye naye anapitia hayo hayo na zaidi, kwa kuwa hata keki ya kuzaliwa ya mfanyakazi haigusi.

Na kuna mhasibu wetu Mhindu. Diwali si sikukuu ya kitaifa Tanzania, hivyo kila mwaka anakata siku kwenye likizo yake ili awashe taa na watoto wake, halafu Desemba anapumzika kwa siku ambayo si yake. Halalamiki. Ananunua keki siku ya Krismasi, anasema, kwa sababu shule zimefungwa na ndugu wote wako nyumbani. Wala hajawahi kuulizwa na yeyote mwenye cheo Diwali inaangukia lini.

Nimewataja watano tu. Sensa zetu hazijauliza dini tangu mwaka 1967, na mimi naona ni busara, kwa maana imetuzuia kuanza kuhesabiana nani wengi na nani wachache. Katiba yetu katika Ibara ya 19 inamwachia kila mtu imani yake. Basi mwajiri anapata wapi uhakika kwamba wafanyakazi wake wote wana moyo mmoja kuhusu tarehe 25?

Sasa nije kwenye sherehe. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mchango wa sherehe ya Krismasi ulikatwa kwenye mshahara wa Novemba, kiwango kimoja kwa mfagizi na kwa meneja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mshahara kukatwa hivi hivi. Lazima sheria iseme, au mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi. Mtasema watu walisaini. Ni kweli, walisaini. Karatasi ilizungushwa na katibu muhtasi, jina la bosi likiwa la kwanza juu, na kiasi chake pembeni. Mfagizi ambaye mkataba wake unaisha Januari ataandika nini kwenye mstari wake? Kukubali kwa namna hiyo si kukubali.

Kisha sherehe yenyewe. Fulana nyekundu kwa wote. Sala ya kufungua ya dhehebu moja. Nyama ambayo hakuna aliyeweza kusema imechinjwa na nani, mpaka wenzetu Waislamu wakabaki na soda na chipsi. Mwisho kila mtu akapewa kapu la sikukuu: mchele, sukari, mafuta ya kula na chupa ya mvinyo. Dereva mmoja, mzee wa swala tano, alisimama getini na lile kapu mkononi akitafuta mahali pa kuiacha chupa kabla hajapanda daladala. Aliyepanga kapu lile hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo kabisa. Hakuuliza tu.

Na suala la kuchinja msilichukulie kuwa dogo. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje nyama ya kuuzwa uliishia kwa mchungaji kuuawa. Nchi hii ina amani kwa sababu watu wa chini wanajua kuulizana mambo haya kabla hayajawa makubwa: mama lishe anaita Mwislamu achinje kuku, mwenye harusi anauliza wageni wake ni akina nani, msiba wa Kikristo unaweka sufuria ambayo kila mtu atakula. Mtaani hilo halihitaji waraka. Maofisini kwenu limesahaulika, na kwa kuwa nyinyi ndio wenye mamlaka, anayedhulumika hunyamaza.

Kama mnataka kutushukuru kwa mwaka wa kazi, tushukuruni. Iwe sherehe ya kufunga mwaka, mchana wa siku ya kazi, kwa fedha ya kampuni, chakula cha wote, na asiyekuja asiwekewe alama. Kapu mtu achague, au apewe thamani yake mkononi. Na fedha inayobaki ya mapambo iongezeni kwenye nauli za watu, kwa sababu kwa anayeila Krismasi kwa dhati, zawadi kubwa ni kufika nyumbani.

Hapo ndipo panaponiuma zaidi, yaani rosta.

Miaka mingi kabla ya maofisa utumishi na mifumo yao ya kompyuta, wafanyakazi wa jiji hili walikuwa na utaratibu wao. Manesi wanaujua, walinzi wanaujua, wapishi wa hoteli wanaujua, sisi wa bandarini tunaujua. Mkristo anashika zamu ya Idi, Mwislamu anashika zamu ya Krismasi. Hakuna karatasi. Mnaambiana tu kwenye korido: "Nishikie ya 24 usiku na 25, mimi nakushikia Idi zote mbili." Anayeahidi anatimiza, kwa sababu asipotimiza hatapata tena wa kumshikia. Mimi nimekula Krismasi Machame kwa sababu ya Waislamu wa Tanga na Kigoma waliokaa kwenye kiti changu, na Idi nimekaa kwenye viti vyao kwa furaha, nikila biriani lililoletwa kazini na wake zao. Hakuna mafunzo ya uvumilivu mtakayotuandalia hotelini yatakayofikia hapo.

Sasa utaratibu huu unavunjwa. Nasikia kutoka kwa wenzangu wa sehemu mbalimbali, na mahali pamoja nimeuona kwa macho yangu: meneja mgeni anakataza kubadilishana zamu, anasema kila mtu afuate mfumo unavyotoa. Anasema ndio usawa. Matokeo yake Mlutheri anabaki Dar tarehe 25 akilinda mlango, na Mwislamu anayekaa Temeke anapewa mapumziko siku hiyo hiyo asiyoihitaji, halafu Idi anapangiwa kazi. Kila mmoja amepata siku moja ya mapumziko kama mwenzake, na kila mmoja amekosa ile aliyoitaka.

Najua sehemu ya sababu ni malipo. Kifungu cha 25 cha sheria ile ile kinasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Basi watu wakibadilishana, hesabu za malipo zinasumbua, na wengine mnakwepa kwa kumwambia mtu atachukua siku nyingine ya kupumzika. Walipeni. Tena wapo vijana wanaoitaka zamu ya Krismasi kwa ajili ya hayo malipo, wenye kodi ya chumba Mbagala inayowasubiri Januari, na hao pia wana haki ya kuitumia siku yao hivyo. Si kila anayefanya kazi siku ya Krismasi anaonewa. Anaonewa asiyeulizwa.

Idi nayo ina jambo lake ambalo mfumo wenu hauwezi kulijua kama hamjazungumza na watu. Haina tarehe. Ramadhani ni siku 29 au 30, na mwezi ukiandama usiku, Mufti anatangaza usiku ule ule kwamba kesho ni Idi. Halafu wapo wanaoufuata mwezi wa popote ulipoonekana duniani, ambao huweza kuswali siku moja kabla ya wenzao. Rosta iliyopangwa mwezi mmoja kabla, isiyoruhusu kubadilishana, lazima iwaumize watu hao kila mwaka. Njia inayofaa ni ile ya korido: ukubali kwamba watu wazima wanaweza kupigiana simu saa tatu usiku na asubuhi kazi ikaenda.

Nisisahau kwamba wengi wenu ni waajiri nyumbani pia. Dada wa kazi aliyetoka Iringa au Singida naye ana mama anayemsubiri Krismasi. Mara nyingi mwenye nyumba anasafiri na familia, dada anaachwa kulinda nyumba na kulisha mbwa, eti kwa sababu Januari wengi hawarudi. Hawarudi kwa sababu kuomba siku tano za kwenda kwao huwa ni ugomvi, hivyo wanaona bora waondoke moja kwa moja. Mpangieni siku zake Oktoba, mpeni nauli ya kwenda na kurudi, na mtaona.

Kwenu wenye maduka makubwa nina maneno machache zaidi, lakini yanatoka moyoni. Sina ugomvi na biashara. Mfanyabiashara wa nguo za watoto Kariakoo analipa kodi ya fremu yake kwa mauzo ya Idi na ya Krismasi, na gauni lile lile la kumetameta linamvika Amina na Anna. Watu wa dini zote wanauza, watu wa dini zote wananunua, na mtoto kupata nguo mpya ya sikukuu ni furaha ambayo hakuna padri wala shehe anayepaswa kuidharau.

Ila katika duka moja kubwa la hapa jijini niliona msichana wa keshia aliyevaa hijabu, na juu ya hijabu amebandikwa kofia nyekundu yenye kishungi cheupe. Nilimuuliza kwa upole kama amependa. Alisema, "Ndiyo sare ya mwezi huu, dada," akaendelea kupitisha bidhaa zangu. Sikumwuliza zaidi, kwa sababu msimamizi alikuwa nyuma yake na mimi sikutaka kumponza. Mlangoni alisimama kijana ndani ya suti nene ya Baba Krismasi, Desemba ya Dar es Salaam, jasho likimchuruzika shingoni, pamba imetandazwa miguuni iwe theluji. Mimi nimekua nikiiona theluji ya Kibo asubuhi kabla mawingu hayajashuka, na katika Krismasi zetu zote hakuna aliyewahi kuihitaji ili aifurahie siku. Hiyo pamba ni pambo lenu, haki yenu kuiweka. Kichwa cha yule msichana si mahali pa kuwekea pambo. Kama kofia ni lazima kwa biashara, wavae wanaopenda. Watapatikana wengi tu.

Na nyimbo. Mfanyakazi wa duka anazisikia kutoka mwanzoni mwa Novemba, saa tisa kwa siku, zile zile. Kwa anayeamini zinapoteza maana kabla ya mkesha kufika. Kwa asiyeamini ni mzigo. Wekeni wiki mbili, inatosha.

Wakuu wa shule, kwenu jambo ni jepesi kulirekebisha. Igizo la kuzaliwa Yesu mnaloandaa kabla shule hazijafungwa ni zuri, na nimewaona wazazi Waislamu wakipiga picha kwa fahari mtoto wao akiwa mchungaji wa kondoo. Nimemwona pia baba aliyekaa nje kwenye gari mpaka igizo likaisha, kwa kuwa hakuulizwa, na hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele ya darasa. Waandikieni wazazi kabla hamjagawa sehemu. Atakayekataa, mtoto wake apewe kazi nyingine jukwaani isiyomtenga. Na kama mnaweza kuandaa igizo la Krismasi, mnaweza pia kuwaacha watoto waliofunga Ramadhani wasikimbizwe uwanjani saa nane mchana.

Kuna jambo la watoto ambalo linatugusa sote na halizungumzwi tunapopanga sikukuu. Idi el Fitri ya mwaka 2008, watoto 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora, walikojazana kupita kiasi na kukosa hewa. Tangu hapo kila Idi na kila Krismasi polisi hupiga marufuku disko toto, na wanafanya vema. Lakini marufuku inasema tu mtoto asiende wapi. Nani yuko naye nyumbani? Mama yake yuko kwenye mashine ya keshia mpaka saa mbili usiku kwa sababu ya ofa za sikukuu. Baba yake ni mlinzi wa jengo lenu. Mtoto amevaa nguo mpya, ana elfu mbili mfukoni, anakwenda ufukweni na watoto wenzake. Nasema haya kwa hofu ya mzazi: mnapofungua duka mpaka usiku tarehe 25, hesabuni pia watoto wa hao waliolifungua.

Sasa kwa nini nasisitiza mambo haya yakae sawa mapema? Kwa sababu kalenda inatujia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo sikukuu zake zinazunguka majira yote. Mwaka 2015 Maulidi iliangukia tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi, na watu walipumzika mfululizo. Krismasi ya mwaka 1999 na ya mwaka 2000 zote zilikuwa ndani ya Ramadhani. Watu wazima mnakumbuka: jirani mmoja amefunga, jirani mwingine anapika pilau la sikukuu, na mwenye kupika akingoja magharibi ndipo apeleke sinia, ili liwe futari. Hali hiyo inarudi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Krismasi ya 2031 na ya 2032 zitakuwa katikati ya mfungo. Mwaka 2033 Idi na Krismasi zitakaribiana kiasi kwamba kila mmoja wetu atataka kuwa nyumbani wiki hiyo hiyo.

Hapo yule anayekushikia zamu mchana kutwa atakuwa amefunga. Sherehe yenu ya chakula cha mchana nusu ya watu hawataigusa. Na mwaka huo wa 2033, kubadilishana Idi kwa Krismasi hakutawezekana kabisa, itabidi watu wagawane siku moja moja, mwingine aache kitu anachokipenda kwa ajili ya mwenzake. Waliozoea kuulizana wataweza. Waliozoea kupangiwa na mfumo watagombana, na ugomvi huo utavaa nguo za dini ingawa umetoka kwenye rosta.

Basi Novemba hii, kabla hamjabandika chochote, pitisheni karatasi moja kwa kila mfanyakazi, kuanzia mfagizi. Msiulize dini yake. Ulizeni siku zipi za mwaka ujao angependa kuwa nyumbani kuliko zote, na siku zipi yuko tayari kumshikia mwenzake. Mhasibu wetu ataandika Diwali. Msabato ataandika Sabato zake. Mwenzangu wa Tanga ataandika Idi na kuweka alama kwamba tarehe inategemea mwezi. Aliyefiwa pengine ataandika kwamba Desemba anataka kufanya kazi, apate la kufanya. Mimi nitaandika tarehe 23 hadi 27 Desemba, na nitasaini zamu zote mbili za Idi.

Ni mimi, mtoa mizigo wa bandarini, Dar es Salaam.